Maswali ya Bustani: Jirani Amejenga Ghorofa, Nipande Nini?

Barua za mwezi huu karibu zote zina neno "haraka". Watu wanataka uzio wa miti upande haraka, ufunge haraka, uzibe macho ya watu haraka. Naotesha miche hapa Tengeru mwaka wa 27 sasa, na neno hilo nalisikia kila anayefungua geti la kitalu. Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu mkijua hayo ya kwanza, mengine mengi mtajijibu wenyewe.

*Shikamoo mama. Nakaa Njiro, Arusha. Mpaka wangu na jirani ni seng'enge tu, mita 22. Jirani amejenga ghorofa, na kibaraza chake cha juu kinatazama uani kwangu moja kwa moja, pale tunapofulia na pale mama yangu mwenye miaka 81 anapoota jua asubuhi. Siku hizi hataki tena kutoka nje. Kijana anayeuza miche barabarani ananiambia nichukue mikrismasi 40 iliyofika mita 2, eti ndani ya mwaka sitaona mtu. Bei yake si ndogo. Nichukue? Au kuna mti unaokua haraka kuliko huo na usiopukutisha majani?*

Marahaba mwanangu. Msalimie mama, mwambie jua la asubuhi ni haki yake na tutalirudisha.

Usinunue chochote kwanza. Tafuta mwanzi mrefu, funga kitambaa cheupe kwenye ncha. Kaa wewe mwenyewe kwenye kigoda cha mama, mahali palepale anapokaa. Mtu asimame kwenye mstari wa seng'enge aunyanyue ule mwanzi taratibu mpaka kitambaa kizibe kichwa cha mtu aliyesimama kwenye kile kibaraza. Pima hapo. Watu wengi huja kwangu wakitaka uzio wa mita 5 kwa kuwa ghorofa ni refu, lakini uzio ulio karibu na wewe huziba kingi. Tuseme macho ya jirani akiwa kibarazani yako mita 4 na nusu kutoka chini, na kibaraza kiko mita 6 ng'ambo ya mpaka. Mama akikaa mita 3 kutoka kwenye uzio, uzio wa mita 2 na robo unamtosha. Wewe unayeanika nguo umesimama, mita 6 kutoka mpakani, unahitaji mita 3 na kitu kidogo. Basi lengo lako ni mita 3. Urefu huo unaufikia kwa ngazi ya kawaida na mkasi, na hilo ndilo litakaloamua kama uzio utakuwa hai baada ya miaka kumi.

Sasa ile miche ya mita 2. Mwombe yule kijana mche mmoja tu, umlipe, kisha uchane kiriba kwa wembe mbele yake. Nakuambia utakachokiona, maana nimevichana vingi. Chini kabisa mizizi imejizungusha, imesokotana kama ngata ya kubebea ndoo kichwani, migumu na ya rangi ya kahawia. Mche huo umekaa kwenye kiriba miaka miwili au mitatu. Ukiupanda utasimama vizuri masika yote, wewe utafurahi, halafu kiangazi mizizi inaendelea kuzunguka palepale na mti unaanza kunyauka kuanzia kileleni. Hata ukipona, upepo wa Julai unaulaza. Mche wa sentimita 30 hadi 40 wenye mizizi myeupe inayochungulia tu pembeni ya udongo utaupita huo mrefu kabla ya mwaka wa tatu. Bei yake pia ni kipande tu cha ile uliyotajiwa.

Je, mkrismasi ndio mti wako? Jina lake kamili ni msaipresi, asili yake Meksiko na Amerika ya Kati, na huku kwetu kwenye baridi ya Meru na Kilimanjaro umeshajisikia nyumbani. Unafunga vizuri, haupukutishi ila kidogo kwa ndani, na ukipata maji unapanda hadi mita moja kwa mwaka. Kwa hiyo ndiyo, unakufaa, kwa sharti moja: uukate mara mbili kwa mwaka bila kuruka, kila mwaka. Kama huna muda huo wala mtu wa kukufanyia, niambie sasa nikupe bogenvilia kwenye seng'enge, maana mkrismasi ulioachwa miaka minne hautengenezeki tena. Sababu nitaieleza kwenye barua inayofuata. Michongoma sikushauri hapo kwenye watoto na kufua. Miba yake inatoboa hata kandambili.

Kwa mita 22 unahitaji miche 30, ukiipanga sentimita 75 kutoka mche hadi mche. Ongeza mitano uiweke kando kwenye viriba kwa ajili ya kuziba mapengo. Mstari uwe ndani kwako, sentimita 75 kutoka kwenye seng'enge, maana uzio wenyewe utanenepa, na hutaki kila mara kumwomba jirani ruhusa ya kuingia kwake na mkasi. Kaa mbali na shimo la maji taka, angalau mita 5.

Chimba mtaro mmoja badala ya mashimo 30, upana na kina cha sentimita 45. Udongo wa juu weka kulia, wa chini weka kushoto. Changanya wa juu na samadi iliyooza kabisa, ile isiyonuka na isiyo na joto ukiingiza mkono, uanze kurudisha huo. Usizike majani makavu wala mabaki ya mahindi humo, ndiyo yanayoita mchwa. Panda masika yakishalowesha udongo. Kuanzia Juni mpaka vuli, lita 10 kwa mche mara mbili kwa wiki, umwage polepole ili maji yazame. Weka matandazo, ila yasiguse shina.

Halafu mkasi. Hapa ndipo nyuzio nyingi hufia, na naomba uniamini hata kama moyo utakuuma. Msaipresi una kilele kimoja kinachoupandisha juu. Usikiguse mpaka ubakize kama sentimita 15 kufika ile mita 3. Lakini pembeni anza kuukata tangu mwaka wa kwanza, kidogokidogo, ncha tu, ukubwa wa kidole. Kila ncha unayoikata inatoa mbili au tatu nyuma yake, na huko ndiko kufunga. Mtu anayesubiri urefu kwanza ndipo akate pembeni anapata nguzo za simu zenye majani juu. Ukikata, chini pawe panene kuliko juu, kama kanzu inavyopanuka kuelekea pindoni, ili jua lifike kwenye matawi ya chini. Tawi lisiloona jua linakufa, na likishakufa hapo pana tundu la kudumu.

Miti ya majani mapana, kama duranta, bogenvilia, michongoma, ni kinyume chake. Hiyo unaikata kichwa siku ileile ya kupanda, theluthi nzima, ili ichipue kuanzia chini. Watu huwa wananitazama kama nimerukwa na akili ninapotoa mkasi kwenye mche waliotoka kuulipia. Rudi baada ya miezi mitatu uone.

Uzio utakuchukua miaka mitatu. Mama hawezi kusubiri miaka mitatu, najua. Simamisha nguzo nne za miti mita moja na nusu ndani ya mstari, mkabala na kigoda chake tu, funga waya, panda pasheni miche mitatu. Hapo Njiro ukimwagilia, ndani ya mwaka pazia lipo na matunda yapo. Usiiache iparamie mikrismasi. Kwa miezi ya mwanzo tundika neti ya kivuli kwenye hizohizo nguzo, ili kesho kutwa mama awe ameshatoka nje.

*Hujambo mama. Mimi niko Limuru, Kenya. Ua wetu wa saipresi ulipandwa na marehemu baba. Tangu mwaka jana umeanza kukauka kwa mabaka, rangi ya kutu, na sasa umekuwa mrefu na umekonda chini. Fundi anasema tuukate wote ubaki kifuani, utachipua upya. Tukubali?*

Sijambo, na pole kwa ua wa baba. Jibu ni hapana, mzuie huyo fundi leo.

Ingiza mkono wako ndani ya uzio mpaka kwenye kiwiko. Utaona majani mabichi ni ganda tu la nje, pengine kina cha shubiri moja. Ndani ni vijiti vya kahawia vitupu. Msaipresi hauchipui kwenye kijiti cha kahawia. Ukikata ukapita ubichi, hapo hapaoti tena kitu. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimelifanya. Mwaka 2009 nilikuwa na uzio mzuri mbele ya nyumba, ukanishinda urefu, nikaajiri vijana wawili nikawaambia wakate hadi usawa wa kiuno. Walifanya nilichosema. Nilikaa na ile safu ya visiki miezi minane nikimwagilia kila jioni, nikiweka samadi, nikitafuta kijani hata kimoja. Hakikutokea. Tuling'oa miche 44 ambayo mume wangu alikuwa ameipanda kwa mikono yake.

Hayo mabaka ya kutu sasa. Chukua kitambaa cheupe, kitandaze chini ya tawi lililoanza kubadilika rangi, gonga tawi kwa fimbo. Vikidondoka vidudu vya kahawia vyenye kijivu, ukubwa wa mbegu ya ufuta, vyenye miguu mirefu na mwendo wa polepole, hao ni vidukari vya msaipresi. Alama nyingine ni sisimizi wanaopanda na kushuka kwenye shina, na ukungu mweusi kama masizi kwenye matawi ya ndani, unaoota juu ya utomvu mtamu wanaoutoa. Wadudu hawa si wa kwetu. Walionekana Malawi mwaka 1986, wakapanda kaskazini nchi baada ya nchi, na kufikia mwaka 1990 walikuwa Kenya. Nyuzio za saipresi za milimani zilikauka barabara nzima. Wataalamu baadaye walileta nyigu wadogo sana wanaotaga ndani ya vidukari, na hao wamesaidia kupunguza, lakini vidukari bado tunao na hupanda kila kiangazi kikali, mti ukiwa na kiu.

Kata matawi yaliyokufa yote uyachome. Matawi hai yapige kwa maji yenye sabuni ya mche na mafuta ya mwarobaini, uhakikishe yanaingia ndani maana wadudu wanakaa ndani, urudie baada ya siku saba mara tatu. Mwagilia kiangazi hata kama ni ua wa mzee. Ncha za kijani zipunguze kidogo tu, usipite ubichi.

Kama zaidi ya nusu imekufa, ung'oeni. Si kumvunjia baba heshima. Ua alioupanda umeishi umri wake. Lakini msirudishe saipresi tupu kwenye mstari uleule. Kwenu huko mnayo kayaba, ambayo sisi tunaiita michongoma pamoja na jamaa zake: imetoka Afrika Kusini, upande wa mto Kei, inavumilia ukame, na hata ukiikata chini kabisa inachipua. Miba yake hakuna ng'ombe wala mwizi atakayepita. Tunda lake la manjano ni chachu lakini jamu yake ni nzuri. Inakwenda polepole kuliko saipresi, kwa hiyo pandeni mapema sehemu iliyokufa, huku iliyo hai ikiendelea kuwasitiri.

*Assalaam aleikum dada. Nina kiwanja Mtwapa, jirani na bahari. Ardhi ni jiwe la matumbawe na mchanga, upepo una chumvi. Nimepanda miti ya uzio mara mbili imekufa. Nikate tamaa nijenge ukuta?*

Wa aleikum salaam ndugu yangu. Usikate tamaa, na huna haja ya kuja kwangu milimani kutafuta jibu, maana liko kilomita chache tu kutoka kwako. Nenda Bamburi kwenye yale machimbo ya zamani ya saruji. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda cha saruji, alianza kupanda miti kwenye jiwe tupu lililobaki baada ya kuchimba matumbawe. Alijaribu aina 26, zikaishi tatu: mvinje, mdamasi na mnazi. Leo pale ni msitu. Mvinje hujitengenezea mbolea mizizini kwa msaada wa vijidudu, na ile takataka yake ya majani kama sindano, iliyokuwa haiozi, Haller aliiletea jongoo wakaitafuna ikawa udongo. Mimi nilipofika pale niliinama nikachota udongo kwa kiganja, mweusi, juu ya jiwe jeupe, na sikuamini.

Basi kwako panda mvinje safu ya mbele inayopokea upepo, mita moja kwa mita moja. Watu huuacha ukawa nguzo za kujengea, lakini ukiukata ncha tangu mdogo unafunga vizuri kama uzio. Toboa jiwe kwa mtaimbo mpaka upate ufa, jaza shimo udongo mlioutoa sehemu nyingine pamoja na samadi, na chota kilo mbili tatu za udongo kutoka chini ya mvinje mkubwa uchanganye humo; vile vijidudu vya mizizini vinatoka huko. Maji yasiwe ya kisima chenye chumvi kwa miezi sita ya mwanzo.

Mdamasi nao unafunga haraka mno na haujali chumvi. Ila uwe mbali na bomba lolote na tangi la chini. Mizizi yake inafuata maji, na nchi za Ghuba walioupanda kila barabara wameshaona ulivyopasua mabomba yao. Nyuma ya safu hiyo, kwenye kinga ya upepo na udongo mzuri kidogo, ndipo unaweza kuweka miashoki ile myembamba. Mbegu zake chukua mbichi chini ya mti ambao popo wamekula matunda, uzipande wiki hiyohiyo. Zikikauka hazioti tena.

*Mama, nyumbani kwetu Shinyanga uzio ni minyaa tangu babu. Mke wangu anasema tuing'oe kwa sababu mtoto wetu wa miaka 3 alipata utomvu jichoni, akalia usiku kucha. Alipona. Mimi naona ni uzio bora usiotaka hata maji.*

Nashukuru Mungu mtoto alipona. Wote wawili mna haki, lakini kwa sasa msikilize mkeo. Mnyaa ni mti wa heshima. Hata jina la Manyara inasemwa limetokana na neno la Wamaasai la mti huu, waliokuwa wakizungushia boma. Unaota kwa kuchomeka kijiti tu, hauliwi na mbuzi, haufi kwa jua. Lakini maziwa yake yakiingia jichoni yanaweza kuondoa uwezo wa kuona kabisa. Yakiingia tena, osha kwa maji safi yanayotiririka robo saa nzima bila kuacha, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama mtoto amenyamaza.

Acheni minyaa kwenye zizi na nyuma ya shamba. Upande wa nyumba na njia anayopita mtoto, toeni, mkikata asubuhi upepo ukiwa umetulia, macho yamefunikwa kwa miwani. Badala yake wekeni michongoma, au kama mnataka isiyo na miba, mlusina mkiukata mara kwa mara usitoe mbegu. Mti ambao sitaki muulete ni ule wenye maua ya manjano kama tarumbeta ndogo na majani membamba yanayong'aa, unaouzwa kila kitalu kwa kuwa unakua upesi. Mbegu yake ni sumu ya moyo. Kwangu siuzi.

*Shikamoo shangazi. Nimerithi kihamba, shamba la ukoo la babu, huko Marangu. Mpakani kuna masale yaliyozeeka, yana mapengo. Nataka kuyang'oa nipande mikrismasi ifunge haraka, wazee wamenikatalia, jirani amenuna. Je, nikipanda usiku?*

Marahaba mwanangu. Usipande usiku.

Sale ndilo lililoandika kihamba hicho kabla hakujawa na hati. Kwa desturi ya Wachaga, mtu anaomba msamaha kwa sale, na aliyeletewa hilo jani hakatai kirahisi. Ukiling'oa, jirani yako haoni bustani, anaona umeanza kusogeza mpaka. Wazee wamekusaidia kukunyima.

Na hata kwa upande wa kilimo tu, mikrismasi haifai hapo. Itakunywea maji ya migomba na kahawa na kuzitia kivuli, na chini ya kivuli cha migomba yenyewe haitafunga. Sale linaota kivulini bila shida. Mapengo unayaziba na sale lenyewe: chagua mashina yaliyokomaa, kata vipande vya nusu mita, weka alama upande wa chini usije ukavigeuza, viache kivulini siku mbili jeraha likauke, kisha chomeka robo ya urefu ardhini, shubiri moja kati ya kipande na kipande, safu mbili zikipishana. Yale mazee marefu yakate usawa wa kiuno. Tofauti na mkrismasi, yatachipua vichwa viwili vitatu kila moja. Masika mawili na mbuzi hapiti.

Ila kabla hujakata hata kimoja, nenda kwa jirani na jani la sale mkononi, umwombe radhi kwa yale maneno ya kuyang'oa, mwombe aje asimame upande wake siku ya kupanda. Akija, mwachie achomeke kipande cha kwanza yeye.